Je, John Mugabi Alikuwa Bingwa wa Uzani wa Kati?

Haya ninayoandika yalianzia bwaloni. Ilikuwa muhula uliopita, saa kumi jioni, mvua yetu ya kila siku ikitwanga mabati, na hakuna aliyeweza kutoka kwenda uwanjani. Vijana wa kidato cha nne wakaanza habari za ngumi. Mmoja akasema kwamba John Mugabi wa Uganda alikuwa bingwa wa dunia wa uzani wa kati. Mwenzake akaruka: "Wacha uongo! Mugabi hakuwahi kushinda taji lolote. Hagler alimchapa akaisha." Wa tatu naye akaapa haki ya Mungu kwamba Mugabi ndiye aliyemshinda Hagler, ila waamuzi walimdhulumu. Ubishi ukapamba moto, vikombe vikagongwa mezani, na kidogo tu tungeona ngumi zenyewe badala ya kusikia habari zake.

Mwalimu mlezi wa chama chetu alikuwa zamu siku hiyo. Aliingia, akatusikiliza, kisha akasema, "Midomo mnayo, ushahidi hamna. Atakayeniletea ukweli wa jambo hili, makala yake itaingia gazetini." Basi nikaichukua kazi hiyo.

Nina sababu yangu nyingine pia. Binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, anachuna chai katika shamba moja kubwa huku Kericho. Jioni hupiga ngumi katika ukumbi wa wafanyakazi. Mkono wake ni mzito, na mpaka sasa kila aliyepambana naye ameanguka raundi ya kwanza. Vijana wa pale laini wamempa jina la "Mugabi", na jina limemwingia kichwani. Siku hizi kukimbia hataki, mazoezi ya tumbo hataki. Husema, "Mimi nikigusa mtu, kwisha." Mwaka huu anataka kwenda Nairobi kutafuta ngumi za kulipwa. Nami naona kwamba kabla hajapanda matatu, ni vyema amjue barabara huyo mtu ambaye amebeba jina lake.

MIZANI HAINA UDUGU

Sisi watoto wa Kericho na Bomet hatuhitaji kufundishwa mizani. Tumeiona pale kituo cha kununulia chai tangu tukiwa wadogo. Karani akitundika gunia, sindano ikigoma imegoma. Hata kama karani ni mjomba wako, kilo haziongezeki.

Mambo ya ngumi ni hayo hayo. Kabla ya pambano, kila bondia hupanda mizani, na asiyetimiza uzani uliokubaliwa hawezi kupokea taji hata akishinda. Katika ngumi za kulipwa, uzani wa welta mwisho wake ni pauni 147, yaani karibu kilo 66.7. Unaofuata mwisho wake ni pauni 154, kilo 69.9 hivi. Halafu ndio uzani wa kati wenyewe, mwisho pauni 160, kama kilo 72.6. Juu yake uko uzani wa kati wa juu, mwisho pauni 168.

Sasa tazama hapo kwenye pauni 154, maana ndipo ubishi wetu wa bwaloni ulipozaliwa. Uzani huo una majina mawili. Mashirika mengine ya ngumi huuita uzani wa kati mwepesi, na mengine huuita uzani wa welta wa juu. Mtu akisikia neno "kati" redioni hudhani ni uzani wa kati. Kumbe baina ya hizo mbili pana tofauti ya pauni sita, yaani kama kilo 2.7. Mchuna chai aliyezoea kazi hupata kilo hizo mapema sana asubuhi, hata kikapu hakijamlemea mgongoni.

Utauliza, kilo mbili na nusu zina nini? Zina mengi. Bondia wa pauni 160 mara nyingi ni mtu mkubwa zaidi ya hapo aliyejikausha maji ili apite kwenye mizani, kisha akanywa na kula kabla ya pambano. Mifupa yake ni mipana, shingo ni nene, na anapokuegemea katika raundi za mwisho unabeba mwili wako na wake. Konde lililomlaza mtu wa pauni 154 huyu hulipokea, akatikisa kichwa, akaja tena.

Jambo la pili la kujua ni kwamba ngumi za kulipwa hazina serikali moja. Kuna WBA, WBC, IBF na WBO, na kila shirika lina mkanda wake na bingwa wake. Kwa hiyo ukiambiwa fulani ni bingwa wa dunia, uliza maswali mawili: wa uzani gani, na wa mkanda gani?

KUTOKA KAMPALA HADI MOSCOW

John Mugabi alizaliwa Uganda mwaka wa 1960. Ngumi zake za ridhaa zilimfikisha kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka wa 1980, katika uzani wa welta. Kumbuka kwamba Kenya haikwenda Moscow. Serikali yetu iliungana na Marekani na nchi nyingine kususia michezo hiyo, kwa sababu majeshi ya Muungano wa Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan. Mabondia wetu waliojiandaa wakabaki nyumbani. Uganda ilikwenda, na Mugabi akafika fainali. Hapo alishindwa na Andrés Aldama wa Cuba, akarudi na medali ya fedha. Hiyo ndiyo medali pekee Uganda iliyopata mwaka ule.

Mwaka huo huo akaingia ngumi za kulipwa. Akawa chini ya meneja Mickey Duff, na huko London akafunzwa na George Francis. Wazungu wakampa jina la "The Beast", yaani mnyama mkali, na kusema kweli rekodi yake ilifanana na jina. Mapambano 25, ushindi 25, na wote kwa nokauti! Hakuna hata pambano moja lililongoja waamuzi wajumlishe alama. Alikuwa akipigana zaidi katika ule uzani wa pauni 154, na wote wa uzani huo walimwogopa.

USIKU WA HAGLER

Uzani wa kati, ule wa pauni 160, ulikuwa na mfalme mmoja: Marvin Hagler wa Marekani, yule mwenye upara. Alikuwa ameshika ubingwa tangu mwaka wa 1980, na mikanda ya WBA, WBC na IBF yote ilikuwa yake. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1985 alimwangusha Thomas Hearns katika raundi tatu ambazo wapenzi wa ngumi wanazitaja mpaka leo. Hagler alisifika kwa mazoezi yasiyo na huruma. Alijitenga huko Provincetown, mji wa pwani wenye baridi kali, akikimbia barabarani na mabuti mazito ya jeshi.

Mugabi akapewa nafasi ya kupambana naye. Ili aipate, ilimbidi aziruke zile pauni sita. Pambano lilipangwa Novemba 1985, likaahirishwa Hagler alipoumia, na hatimaye likafanyika Las Vegas usiku wa tarehe 10 Machi 1986. Kwetu hapa ilikuwa tayari asubuhi ya tarehe 11.

Babu yangu, ambaye sisi humwita kugo, alikuwa akifanya kazi shambani wakati huo. Anasema siku ile watu wa laini walizunguka redio moja tu, ya nyapara, wakingoja habari. Hawakujali kwamba Mugabi ni Mganda. "Kwetu sisi alikuwa mtoto wa jirani," anasema kugo. "Na mtoto wa jirani akienda kupigana na tajiri, utamshangilia nani?"

Pambano lilikuwa la raundi 12, kila raundi dakika tatu, na mapumziko ya dakika moja. Zamani mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15. WBC ndiyo iliyoanza kupunguza, baada ya bondia Duk Koo Kim wa Korea Kusini kuanguka katika raundi ya 14 huko Las Vegas, Novemba 1982, na kufariki siku chache baadaye.

Mugabi alianza kwa moto. Makonde yake yalimfikia Hagler, na jicho la bingwa likavimba. Lakini huyu hakuwa mtu wa kuanguka kwa konde moja. Alikuwa akilipokea na kulipa, akilipokea na kulipa. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Raundi ya sita Hagler alimmiminia Mugabi makonde yasiyohesabika, na ajabu ni kwamba Mugabi hakuanguka. Hapo ndipo alipoonyesha kwamba hakuwa na ngumi tu, alikuwa na moyo pia. Waliosema ni mtu wa raundi mbili walinyamaza.

Moyo hata hivyo haujazi mapafu. Mtu aliyezoea kumaliza kazi mapema alijikuta raundi ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, na bado yule mwenye upara anakuja mbele. Katika raundi ya 11 Mugabi alikaa chini, refa akahesabu hadi kumi, kwisha. Hakuna mwamuzi aliyemdhulumu mtu. Alishindwa kwa nokauti, na yule kijana wa tatu wa bwaloni aombe radhi.

Ila tusisahau upande wa pili. Huo ulikuwa ulinzi wa kumi na mbili wa Hagler, na wa mwisho aliofaulu. Pambano lake lililofuata, Aprili 1987, Sugar Ray Leonard alimnyang'anya ubingwa, na Hagler hakupigana tena. Wako wanaosema kwamba makonde ya Mugabi ndiyo yaliyommaliza Hagler, na Leonard akaja kuokota. Hilo siwezi kulithibitisha, lakini si ajabu.

TAJI LA PAUNI 154

Baada ya hapo Mugabi alirudi kwenye uzani wake. Desemba 1986 alipigania mkanda wa WBC ulioachwa wazi, dhidi ya Duane Thomas wa Marekani. Akaumizwa jicho vibaya na kusimamishwa raundi ya tatu. Wengi walidhani amekwisha.

Mugabi hakukata tamaa. Tarehe 8 Julai 1989, huko Ufaransa, alipambana na bingwa René Jacquot. Katika raundi ya kwanza Jacquot alianguka, akateguka kifundo cha mguu, akashindwa kuendelea. Mugabi akatangazwa bingwa wa dunia wa WBC, pauni 154. Basi yule wa pili wa bwaloni, aliyesema hakuwahi kushinda taji lolote, naye amekosea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Maskini, raha haikudumu. Machi 1990, huko Tampa, Marekani, Terry Norris alimwangusha raundi ya kwanza na kuuchukua mkanda. Novemba 1991 Mugabi alijaribu tena kuziruka pauni sita. Safari hii ilikuwa London, akipigania mkanda wa WBO wa uzani wa kati dhidi ya Gerald McClellan. Raundi ya kwanza tu, ikaisha. Miaka ya baadaye alihamia Australia, akarudi ulingoni kati ya 1996 na 1999, kisha akatundika glavu. Kwa jumla alishinda mapambano 42, na 39 kati ya hayo ni kwa nokauti.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: Mugabi alikuwa bingwa wa dunia, lakini wa pauni 154. Ubingwa wa uzani wa kati aliupigania mara mbili na hakuupata.

SI MUGABI PEKE YAKE

Nilipoendelea kuchimba niligundua jambo ambalo sikulitarajia. Uganda imetoa mabingwa watatu wa dunia katika uzani ule ule wa pauni 154! Wa kwanza ni Ayub Kalule, aliyetwaa mkanda wa WBA mwaka wa 1979 na kuupoteza kwa Sugar Ray Leonard mwaka wa 1981. Wa pili ni Mugabi. Wa tatu ni Kassim Ouma, aliyeshinda mkanda wa IBF mwaka wa 2004. Ouma naye alijaribu kupanda. Desemba 2006 alipambana na Jermain Taylor, bingwa wa uzani wa kati, akamaliza raundi zote 12 lakini akashindwa kwa alama. Ukuta ni ule ule, pauni sita.

Mwafrika aliyeuvuka zamani ni Dick Tiger wa Nigeria. Mwaka wa 1962 alimshinda Gene Fullmer kwa alama na kuwa bingwa wa uzani wa kati. Mwaka uliofuata alimkaribisha Fullmer nyumbani, Ibadan, akamshinda tena. Alipoteza ubingwa kwa Joey Giardello, akaurudisha mwaka wa 1965. Tiger hakuwa na rekodi ya kutisha kama ya Mugabi. Mwanzoni mwa kazi yake alishindwa mara nyingi tu. Lakini alijua kupigana raundi 15 na kuwa na nguvu zile zile za raundi ya kwanza.

Na sisi Wakenya je? Chris Sande alituletea medali ya shaba ya uzani wa kati katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, hiyo ikiwa ni katika ngumi za ridhaa. Nilipoyasoma haya katika mkutano wa chama, msichana mmoja wa kidato cha pili alinyosha mkono akasema, "Mbona mnahesabu wanaume peke yao? Mmemsahau Conjestina?" Nikaona haya. Ni kweli kabisa. Conjestina Achieng, mzaliwa wa Siaya, alipigana ngumi za kulipwa katika uzani wa kati, na huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa la ngumi. Wavulana walikaa kimya, na mimi nikaongeza aya hii.

TAJI LINA BEI

Siwezi kumaliza bila kutaja hatari. Robert Wangila, Mkenya wetu aliyepata dhahabu ya uzani wa welta kule Seoul 1988 kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa, aliingia ngumi za kulipwa Marekani. Julai 1994 aliumia kichwa katika pambano huko Las Vegas akafariki, hata miaka 27 hajatimiza. Huyo Gerald McClellan aliyemwangusha Mugabi kwa raundi moja naye aliumia ubongo London mwaka wa 1995, akapoteza uwezo wa kuona. Hawa walikuwa wakali wa dunia, si watu wa kubahatisha. Ngumi si mchezo wa kwenda kujaribu.

Huku kwetu watu wanajulikana kwa miguu zaidi kuliko mikono. Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho aliyefariki mwaka wa 2022, ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki. Ilikuwa shaba ya mita 800, Tokyo, mwaka wa 1964, kisha akaongeza ya fedha Mexico City mwaka wa 1968. Nilidhani mbio na ngumi ni mbali kama Bomet na Mombasa. Sasa naona si mbali. Hagler alishinda raundi ya 11 kule barabarani na mabuti yake, miezi mingi kabla ya kuingia ulingoni.

Likizo iliyopita nilimsomea binamu yangu makala hii, kugo akiwa ameketi karibu. Nilidhani atakasirika. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akauliza, "Kumbe alikaa chini raundi ya kumi na moja kwa kuchoka?"

"Kwa makonde na kwa kuchoka," nikamjibu.

Kugo akacheka kidogo. "Wewe mpaka leo hujapigana hata raundi ya nne," akamwambia. "Utajuaje kama una pumzi?"

Hakujibu. Sijui kama ataenda Nairobi au atabaki, na uamuzi ni wake. Lakini Jumamosi iliyofuata aligonga dirisha langu saa kumi na moja alfajiri, giza bado, ukungu umefunika chai yote, akaniuliza kama nina raba za kumkopesha.

Basi wenzangu wa bwaloni, ubishi umekwisha. Mugabi alikuwa bingwa, na uzani wake ni pauni 154. Tusimpe taji ambalo hakulishinda, wala tusimnyang'anye lile alilolishinda. Na nyote mnaotegemea akili nyepesi darasani bila kudurusu, mkumbuke kwamba hata mtihani una raundi yake ya 11.

Kalamu naiweka chini. Wasalaam.

Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na katibu msaidizi wa Chama cha Kiswahili.